"Sori" ya Nini?



Tuanze na jambo ambalo huenda limewahi kutokea nyumbani kwako, au kwa jirani yako. Mtoto amerudi kutoka shuleni saa nne asubuhi, wakati wenzake wako darasani. Mkononi ana barua: karo haijalipwa. Mama anashangaa, kwa maana mwezi uliopita yeye mwenyewe aliuza magunia mawili ya maharagwe, akampa mumewe pesa zote azipeleke benki. Jioni mume anapoingia, mke anamwonyesha ile barua. Mume anaisoma, anaikunja, anaketi. Ukweli ni kwamba pesa hizo alimkopesha rafiki yake, na huyo rafiki hajazirudisha. Anatazama sakafu, kisha anasema:

"Sori, Mama watoto."

Mke anamwuliza, "Sori ya nini?"

Mume anakasirika. "Si nimeshasema sori? Wataka nipige magoti?"

Usiku huo wanalala wamepeana migongo. Mume anaamini kwamba ameomba msamaha na amenyimwa. Mke anaamini kwamba hakuna aliyemwomba kitu chochote. Kila mmoja ana hakika kwamba yeye ndiye aliyeonewa, na neno lililowagawanya ni hilo moja dogo.

Katika ukurasa wetu wa mwezi huu tunataka kulichukua swali la mama huyo na kulijibu polepole. Sori ya nini? Mtu anapomwambia mwenzake wa ndoa neno hilo, amemwambia nini hasa? Na je, mwenzake anawajibika kulipokea kama msamaha ulioombwa?

NENO MOJA, KAZI NYINGI

Neno lenyewe ni la Kiingereza, "sorry". Limezoeleka kwetu hata mtoto ambaye hajaanza shule hulitamka, nasi hapa tutaliandika "sori" kama tunavyolisema. Lifuate siku moja tu uone linavyofanya kazi.

Asubuhi unajikwaa njiani, na mpita njia usiyemjua anakuambia, "Sori!" Ndani ya matatu abiria anakukanyaga mguu, naye anasema, "Sori." Dukani unaomba sukari, mwenye duka anajibu, "Sori, imekwisha." Katika simu husikii vizuri, unauliza, "Sori?" yaani, rudia tena. Mchana unapata habari kwamba mwenzako kazini amefiwa na mama yake, unamshika mkono na kumwambia, "Sori sana." Jioni mtoto anavunja kikombe na kusema, "Sori, Mama." Waingereza wenyewe wana matumizi mengine zaidi. Wakimwonea mtu huruma hulitumia neno hilohilo, na wakiona nyumba iliyochakaa au mtu aliyedhoofika husema kwamba yuko katika hali ya "sori", yaani hali duni yenye kusikitisha.

Mgeni kutoka Uingereza akijikwaa katika barabara zetu hushangaa sana. Kila aliye karibu anamwambia "sori", naye anajiuliza, "Mbona hawa wote wananiomba msamaha? Wao hawakuniangusha." Bila shaka hatukuwa tunamwomba msamaha. Tulikuwa tunampa pole, ila tumeitamka kwa Kiingereza.

Wanaochunguza asili ya maneno wanatueleza kwamba katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, neno hili lilitokana na jina la maumivu, kama ya kidonda. Mtu aliyekuwa "sori" alikuwa mtu mwenye uchungu moyoni. Neno lilisema kwamba uchungu upo. Halikusema umeletwa na nani. Na mpaka leo, wapendwa, udhaifu wake ni huo: linaweza kutamkwa na aliyeumiza, na aliyeumizwa, na hata mtazamaji aliyesimama kando ya njia, na wote watatu wakawa wamesema sawa.

KISWAHILI KINATENGANISHA

Sisi tuna bahati, kwa maana lugha yetu imetupa neno mbalimbali kwa kila kazi.

Tuna "pole". Neno hili ni ndugu ya "mpole" na "polepole". Ukimwambia mtu pole, unasimama karibu naye katika jambo lililompata. Hukubali kuwa wewe ndiwe uliyelileta. Unampa tu sehemu ya moyo wako, naye hujibu "Asante", au kama wasemavyo watu wa Pwani, "Nimeshapoa."

Tuna "samahani", neno tulilolipata kutoka Kiarabu pamoja na kitenzi "kusamehe". Siku hizi limekuwa jepesi. Tunalitumia hata kumsimamisha mtu tumwulize njia ya kwenda hospitali. Lakini "nisamehe" bado ina uzito wake. Ndani yake kuna watu wawili: mimi niliyekosa, na wewe ninayekuomba. Na tuna "niwie radhi", ambayo maana yake ni kwamba ninauomba moyo wako uniridhie tena kama zamani.

Tazama tofauti iliyopo. Anayesema "pole" anatoa kitu. Anayesema "nisamehe" anaomba kitu, na mwenye kuomba hana budi kungoja. Jibu liko mikononi mwa mwenzake. Anaweza kuambiwa, "Nimekusamehe," au "Nipe muda," au hata "Bado hujanieleza yote." Ndiyo sababu neno hilo ni zito mdomoni. "Sori" haimngojei mtu. Unaweza kuitupa ukiwa unatoka mlangoni, na siku hizi unaweza kuituma kwa ujumbe wa simu ukiwa ndani ya matatu, kisha ukaendelea na shughuli zako.

Je, yule mume wa karo alisema lipi kati ya hayo? Huenda yeye mwenyewe hajui. Uchungu alikuwa nao. Lakini hakusema, "Nilichukua pesa zako, nikazitumia kwa jambo ambalo hatukupatana." Aliacha neno lenye maana nyingi limtangulie, akatumaini kwamba mkewe atachagua ile maana nzito, huku yeye mwenyewe akijifunika kwa ile nyepesi. Mke alipomwuliza "Sori ya nini?" hakuwa mkaidi. Alikuwa akimwomba achague.

HATA WAKUBWA HUJIFICHA HUMO

Usidhani kwamba jambo hili ni la wanyonge tu. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani na ndege ya kivita ya Uchina ziligongana angani karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa Kichina akafa, na Wamarekani 24 waliokuwa katika ndege yao wakashikiliwa na serikali ya Uchina siku 11. Uchina ilidai iombwe msamaha. Marekani haikutaka kukubali kosa. Mwishowe ikaandikwa barua iliyosema mara mbili kwamba Marekani ni "sori" sana: kwa ajili ya rubani aliyekufa, na kwa ajili ya ndege yao kuingia na kutua bila ruhusa. Wachina wakawatangazia watu wao kwamba wameombwa msamaha. Wamarekani wakawaambia watu wao kwamba wametoa pole tu. Wale askari wakarudi kwao, na kila upande ukabaki na maana yake.

Nasi Wakenya tuna habari yetu. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba inasikitika kwa mateso waliyotendewa watu wetu wakati wa vita vya Mau Mau, ikakubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Halafu mwishoni mwa Oktoba 2023 Mfalme Charles alikuja Nairobi. Katika dhifa ya kitaifa alizungumza juu ya huzuni na majuto makubwa kwa ukatili uliotendwa. Wengi walikuwa wakingoja neno moja zaidi, yaani kuomba msamaha waziwazi. Neno hilo hawakulisikia. Wazee wetu walielewa mara moja tofauti kati ya mtu anayehuzunika kwamba uliumia na mtu anayekiri kwamba yeye ndiye aliyekuumiza.

Serikali zina mawakili wao na hesabu zao, na huenda zikaona faida katika maneno yenye maana mbili. Lakini mume na mke si serikali mbili. Siku ya ndoa walipeana mikono mbele ya altare wawe mwili mmoja. Barua ya Hainan ikitumika chumbani, watu wawili wataishi nyumba moja kila mmoja akiwa na habari zake.

MAKOSA MAWILI

Tunaona kwamba wengi wetu tunaanguka katika mojawapo ya makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kutoa pole mahali panapodaiwa toba. "Sori kwamba umekasirika." "Sori kama uliumia." "Sori kwamba mambo yalikwenda hivyo." Sikiliza vizuri, msomaji. Katika maneno hayo yote, ni nani aliyekosa? Hakuna. Hasira ni ya mke, maumivu ni ya mume, na mambo yalikwenda yenyewe kama maji ya mto. Msemaji amesimama ng'ambo akiyatazama.

Mwana mpotevu katika Injili ya Luka, sura ya 15, alikuwa na nafasi nzuri ya kusema hivyo. Injili yasema kwamba njaa kubwa iliingia katika nchi ile. Angeweza kurudi kwa baba yake na kumwambia, "Baba, sori, kulikuwa na njaa." Na ingekuwa kweli! Lakini kabla ya kushika njia alitafuta maneno yake, nayo hayakutaja njaa hata kidogo. Alisema kwamba amekosa, akataja na aliowakosea: mbingu, na baba yake. Kinyume chake ni Adamu katika kitabu cha Mwanzo. Alipoulizwa juu ya tunda alimtaja mkewe, na zaidi ya hayo akamkumbusha Mungu kwamba ndiye aliyempa mke huyo. Ugomvi wa kwanza wa mume na mke katika Maandiko ulianza kwa mtu kukataa kusema "mimi".

Kosa la pili ni la upande mwingine, nalo halisemwi sana. Ni kunyima pole kwa kuogopa lawama. Mke amerudi kutoka kuteka maji; foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na mgongo unamwuma. Anasema, "Leo nimechoka hata sijiwezi." Mume anaruka, "Sasa ni mimi niliyekausha bomba?" Au mume amekaripiwa na mkubwa wake kazini, anarudi amenyong'onyea, anamweleza mkewe. Mke anajibu, "Na mimi niliyelea watoto mchana kutwa niseme nini?"

Hapo hakuna aliyeshtakiwa. Mtu ameleta mzigo wake nyumbani, na alichohitaji ni neno moja: "Pole." Lakini mwenzake amelisikia kama mashtaka, akashika silaha kujitetea. Kwa sababu tumezoea kuchanganya pole na toba ndani ya neno moja, tunaogopa kwamba tukitoa pole tutakuwa tumekiri kosa. La, ndugu yangu. Pole haikugharimu hatia yoyote. Mpe mwenzako pole nyingi, asubuhi na jioni. Nyumba yenye ubahili wa pole ni baridi hata kama jiko linawaka.

"NISAMEHE, LAKINI..."

Kuna na wale wanaotaja "nisamehe" kwa Kiswahili safi, kisha wanaiua papo hapo. "Nisamehe nilikutukana mbele ya mama yangu, lakini na wewe ulizidi." "Nisamehe nilisahau, lakini wajua nilivyo na kazi."

Kiingereza kina neno jingine la kuomba radhi, "apology", nalo lilitoka Kigiriki. Kwa Wagiriki wa kale lilikuwa na maana ya maneno ya mtu anayejitetea mahakamani. Kitabu cha Plato chenye jina hilo kinaeleza jinsi mwalimu wake Socrates alivyojitetea mbele ya waamuzi wa Athens mwaka 399 kabla ya Kristu. Hakuwa anaomba msamaha hata kidogo. Alikuwa anaeleza kwa nini hana hatia. Basi mara nyingi sisi nasi tunafanya vivyo hivyo. Twafungua mdomo tuombe radhi, na kinachotoka ni utetezi.

Sisemi kwamba sababu hazina maana. Huenda ulikuwa na kazi kweli. Huenda mwenzako naye alizidi kweli. Lakini lete toba yako kwanza, uiache isimame peke yake. Baada ya mwenzako kuipokea, siku nyingine mkiwa mmetulia, mtazungumza juu ya hayo mengine. Neno "lakini" likifuata "nisamehe", mwenzako halisikii tena lile la kwanza.

TUJIFUNZE KATIKA KITUBIO

Wakatoliki tunayo shule nzuri ya jambo hili, ila hatuipeleki nyumbani. Hebu mfikirie mtu anayeingia katika kiti cha maungamo, anapiga magoti, anasema, "Padre, sori," kisha anainuka na kwenda zake. Padre atamwita arudi! Kanisa linatufundisha, kama Mtaguso wa Trento ulivyoeleza mwaka 1551, kwamba anayetubu ana sehemu tatu za kutimiza: majuto, maungamo na malipizi. Tuzipeleke zote tatu nyumbani.

Majuto. Kuna majuto yatokayo katika mapendo, kwa sababu nimemwumiza anayenipenda. Na kuna majuto yatokayo katika hofu, kwa sababu nimekamatwa, au naogopa mke atawaambia wakwe, au mume atanikatia pesa za matumizi. Haya ya pili Kanisa haliyadharau, ni mwanzo. Lakini usiishie hapo. Kaa kimya kidogo kabla ya kusema neno lolote, ufikirie jambo lile lilikuwaje upande wa mwenzako. Yule mume wa karo akae afikirie siku za kupalilia maharagwe yale, na mgongo ulioinama, na uso wa mkewe alipoiona ile barua.

Maungamo. Taja tendo kwa jina lake. "Nilikopesha pesa za karo bila kukuambia. Nilikuficha mwezi mzima. Nimekosa." Maneno haya ni machache, hayapiti dakika moja, lakini mtu mzima anaweza kutokwa na jasho kuyasema. Mfalme Daudi, Nabii Natani alipomweleza kosa lake katika kitabu cha pili cha Samweli, hakutoa hotuba. Alikiri kwa maneno machache kwamba amemkosea Bwana.

Malipizi. Zakayo hakuishia kusikitika. Aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na aliowadhulumu kuwarudishia mara nne. Yule mume aende kesho shuleni mwenyewe, azungumze na mwalimu mkuu, atafute jinsi ya kulipa, na amwonyeshe mkewe risiti. Aliyemtukana mkewe mbele ya watu amheshimu mbele ya watu walewale. Bila malipizi, hata "nisamehe" iliyo nzuri itaoza ikawa kama "sori". Wahenga walisema, kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

JE, NIOMBE MSAMAHA HATA KAMA SIJAKOSA?

Swali hili ni gumu, na watu wema hulijibu kwa njia mbalimbali. Wengine husema, "Omba tu msamaha hata kama huna kosa, ili nyumba iwe na amani." Wanawake wengi wamelelewa hivyo, wakaambiwa kwamba kunyenyekea ni kubeba kila lawama.

Sisi tunaona hivi. Unyenyekevu haujengwi juu ya uongo. Ukikiri kosa ambalo hukulitenda, umemdanganya mwenzako, na umemnyima nafasi ya kuliona kosa lake mwenyewe. Amani inayopatikana hivyo ni kama jeraha lililofunikwa kwa kitambaa kabla ya kuoshwa. Nje ni safi, ndani linaoza. Na baada ya miaka kumi utamwambia kwa uchungu, "Mimi ndiye niliyeomba msamaha siku zote," naye hatajua unasema nini.

Basi ufanye nini? Kwanza, toa pole. Pole haihitaji hatia. Unaweza kusema kwa moyo wote, "Naona umeumia, na mimi sifurahi kukuona hivi. Pole." Umesema kweli, na umemsogelea. Pili, jichunguze kwa uaminifu. Mara chache sana mtu hukosa kabisa sehemu yake katika ugomvi. Labda neno ulilosema lilikuwa la kweli, lakini sauti ilikuwa ya dharau. Labda hukutenda kosa, lakini ulinyamaza siku tatu ukimwadhibu kwa kununa. Omba msamaha kwa sehemu hiyo, kwa kuitaja, wala usiongeze wala kupunguza. Utashangaa jinsi mwenzako atakavyoitafuta sehemu yake.

Na hatusemi kwamba kila jambo dogo liwe kesi. Papa Fransisko, aliyeaga dunia mwaka 2025, aliwafundisha watu wa ndoa katika katekesi yake ya tarehe 13 Mei 2015, na tena mwaka 2016 katika waraka wake Amoris Laetitia, kwamba familia inahitaji maneno matatu: la kuomba ruhusa, la kushukuru, na la kuomba msamaha. Lakini alieleza pia kwamba siku isiishe bila kupatana, na kwamba mara nyingine ishara ndogo ya mapendo inatosha, hata bila maneno. Ni kweli. Ukimkaripia mwenzako kwa sababu ya chumvi katika mboga, kikombe cha chai ukimletea kwa tabasamu kinaweza kumaliza jambo. Lakini pesa za karo, uongo, matusi mazito, na kuvunja uaminifu wa ndoa haviondolewi kwa kikombe cha chai. Hayo yanadai maneno kamili.

NAWE UNAYEOMBWA

Tugeukie sasa upande wa yule mama wa maharagwe, maana naye ana kazi yake.

Mwenzako akikuletea toba ya kweli, iliyotajwa kwa jina, usimjibu "haidhuru" wala "tuyaache tu". Iliumiza, usiseme haikuumiza. Mjibu neno kwa neno: "Nimekusamehe." Ukiwa bado huwezi, mwambie kweli, "Nimekusikia, nami nashukuru umesema. Nipe muda, moyo wangu bado una uchungu." Hilo si kukataa kusamehe. Na ukishasamehe, usiliweke kosa katika ghala ulitoe kila mwaka pamoja na mbegu.

Akikuletea "sori" tupu, usimdhihaki. Huenda alilelewa katika nyumba ambayo baba hakuwahi kuomba msamaha mbele ya mtu yeyote, na neno hilo dogo ndilo pekee analolijua. Mwulize kwa upole, si kwa kejeli, "Sori ya nini, Baba watoto? Niambie nikuelewe." Swali hilohilo likiulizwa kwa sauti nyingine hufungua mlango badala ya kuufunga. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe nawe una ulimi.

Jambo moja hatuwezi kuliacha. Kuna mtu anayempiga mwenzake Jumamosi na kusema sori Jumapili, na Jumamosi ijayo anarudia. Kwa huyo neno limekuwa sehemu ya kipigo. Kusamehe ni wajibu wa Mkristu, lakini kusamehe si kukaa mahali unapoumizwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenye ndoa kutengana na mwenzake anayeuhatarisha vibaya mwili au roho yake, au ya watoto. Kwa kawaida ni kwa idhini ya Askofu, na hatari ikiwa haingoji, hata kabla ya kuipata. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na jeuri ya nyumbani inamwezesha kuomba mahakamani amri ya kumlinda. Usione haya kumwendea Padre wako, mzee unayemwamini, au polisi. Hapo malipizi ya kwanza ni kuacha.

TUMALIZE

Turudi katika ile nyumba. Tuseme yule mume, baada ya usiku ule wa kupeana migongo, ameamka mapema. Mkewe anawasha moto. Mume anakuja jikoni, mahali ambapo si kawaida yake kuketi, anavuta kigoda. "Mama watoto," anasema, "jana uliniuliza sori ya nini. Zile pesa nilimkopesha rafiki yangu. Sikukuuliza. Kila ulipotaja karo nilinyamaza. Nimekukosea, na mtoto nimemkosea. Nisamehe. Leo naenda kwa mwalimu mkuu."

Huenda mke asijibu mara moja. Huenda akaendelea kupuliza moto, machozi yakimtoka, akasingizia moshi. Lakini sasa wako katika habari moja. Anajua ni nini anachoombwa kusamehe, na ni nani anayemwomba. Sasa anaweza kujibu.

Tunawasihi, wapendwa, mwendelee kusema sori kwa mpita njia na kwa abiria mwenzenu. Ni neno la adabu. Lakini mnapofika nyumbani mliacheni mlangoni pamoja na viatu. Mwenzako akiumia, mpe pole. Wewe ukimwumiza, sema nimekosa, useme na ulichokosa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Nilipokuwa mtoto, je, niliwahi kuwasikia wazazi wangu wakiombana msamaha? Walitumia maneno gani?

2. Kuna jambo ambalo nilikuambia "sori", lakini sikulitaja kwa jina lake? Naweza kulitaja leo?

3. Ni wakati gani katika siku ambapo ninahitaji pole yako zaidi?

4. Kuna kosa nililosema nimelisamehe, na bado ninalitoa ghalani?

Muulizane maswali haya jioni moja watoto wakiwa wamelala, kila mmoja akimsikiliza mwenzake bila kumkatiza. Kisha mshikane mikono na kusali pamoja.

Mungu azibariki nyumba zenu.